Mfuniko wa Josho la Wageni

Siku mliponiaga, kijana mmoja wa stoo alisimama akaniuliza mbele ya watu wote ni kitu gani kilichonisumbua zaidi kukichagua katika miaka yangu yote ya kununulia watu vitu. Nadhani alitegemea nitaje jenereta, au lile lori lililoletwa bila injini. Nikamjibu kwamba ni mfuniko. Ukumbi ukacheka, mshereheshaji akafungulia muziki, nami nikarudi kwenye pilau langu. Sasa pilau limeisha na nafasi ninayo, kwa hiyo acha nijibu vizuri. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa virefu kuliko kazi zenyewe, na mishahara mnaijua.

Nilianzia stoo ya kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, hapa Bariadi, wakati Bariadi ingali mkoa wa Shinyanga na Simiyu likiwa jina la mto tu. Nilifika na cheti cha ugavi na viatu vya kisigino. Kabla sijaonyeshwa meza yangu, mawingu yalijikusanya, na mtu mmoja mfupi mwenye kifua mbele kama jogoo akatoka mbio uwanjani akinipungia mkono. Akaniongoza hadi kwenye lundo la pamba refu kuliko nyumba, akanionyesha pembe ya turubai, akaniambia nikae hapo na nisiinuke. Nikakaa, viatu vyangu vikiwa vimezama kwenye tope, mpaka mvua ikapita. Nimesomea ugavi chuoni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukalia kona.

Mtu yule aliitwa Luhende, fundi wa maturubai. Ofisi ilimwita fundi. Yeye alijiita daktari wa upepo. Kwenye kofia yake alichomeka shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na alikuwa na maneno mengi kuliko uzi. Kila aliyepita uwanjani alipewa somo, apende asipende. Meneja alikuwa akizunguka nyuma ya mizani ili asikutane naye. Mimi sikuwa na pa kuzungukia, maana maturubai yalikuwa mali ya stoo na stoo nilikuwa mimi, basi nikasoma.

Somo lenyewe lilikuwa hili. Watu hukaza turubai kwa kamba mpaka linalia, wakidhani ndiyo usalama. Upepo unapenda kitu kilichokazwa. Ukipata mwanya mmoja kwenye ukingo, unaingia chini na kukinyanyua chote kwa pamoja. Luhende aliliacha turubai lilale juu ya pamba kama mtu aliyeshiba, na kwenye pindo alishona mifuko mirefu myembamba akaijaza mchanga. Upepo ukija, turubai linahema kidogo, linashuka tena. Kila mwaka vilikuja vitabu vya maelekezo kutoka makao makuu vikisema tukaze kamba, na kila mwaka tuliviweka mahali pakavu, chini ya turubai.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani zao na fedha mkononi, wakulima wakacheka, ushirika ukaanza kukohoa. Misimu michache baadaye mashine zilinyamaza na sisi tukapunguzwa. Ndilo neno lililotumika, kupunguzwa, kana kwamba tulikuwa chumvi iliyozidi. Luhende alirudi kwao Mwamanyili. Mimi nilibaki mjini na cheti changu cha ugavi, katika mji ambao kila mtu sasa alikuwa akijigawia mwenyewe.

Aliyenichukua alikuwa Masanja. Mtu huyu aliwahi kuwa utingo wa lori la pamba la ushirika wetu huohuo, akajifunza bei akiwa juu ya magunia, na mambo yalipofunguliwa akawa wa kwanza kununua kwa jina lake mwenyewe. Msimu ulipomkubali alijenga nyumba ya wageni yenye vyumba vya kujitegemea, na akahitaji mtu wa kumnunulia mashuka, sabuni na taa. Siku yangu ya kwanza alinizungusha kote, akaniambia kwamba ushirika uliuawa na kamati. Kwake hakuna kamati, alisema, kwake kuna yeye. Nikamwambia ni sawa, Bosi. Nilikuwa sijalipwa mafao yangu na sikuwa na ugomvi na mtu.

Sasa Bosi Masanja alikwenda Arusha kwa shughuli zake, akalala kwenye hoteli yenye beseni kubwa la mviringo nje uani, wageni wameketi ndani ya maji ya moto hadi kifuani, wanakunywa vinywaji na kutazama mlima. Alirudi mtu mwingine. Baada ya muda, lori lililopeleka mbegu za pamba Dar likarudi na beseni kama lile, limenunuliwa mnadani, bluu, limepasuka kidogo ubavuni. Watu wa Bariadi, ambao ng'ombe wanawajua kuliko hoteli, walilitazama mara moja wakalipa jina: josho. Josho ni pale mifugo inapoogeshwa dawa ya kupe. Bosi aliagiza liitwe bafu la kisasa. Liliendelea kuitwa josho, na wahudumu walipoliita bafu la kisasa waliliita kwa sauti ya watu wanaosoma tangazo.

Lilikuwa na vitundu vya kutoa mapovu, ila vilihitaji umeme ambao wilaya haikuwa nao, kwa hiyo vikabaki vitundu. Maji tuliyachemsha kwenye pipa la mafuta lililolazwa juu ya moto, yakashuka kwa bomba. Kuni hatukununua. Mkulima wa pamba lazima ang'oe miti yake na kuichoma baada ya mavuno, wadudu wasibaki, nasi tuliichukua kwa mkokoteni wa ng'ombe tukaichomea kwetu. Tulichemsha jioni tu, maana mkokoteni ulikuja mara moja kwa siku na Bosi hakutaka kusikia habari ya mara mbili. Shida ilikuwa uwanja. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu ila ua wa minyaa uliofika magotini na mbuga wazi mpaka macho yanapochoka. Upepo wa kiangazi ulitoka huko ukiwa na vumbi lake, na asubuhi maji yalikuwa baridi na rangi ya chai ya maziwa.

Kwa wageni halikuwa tatizo, kwa sababu wageni hawakuingia. Walikuja, wakalisifu, wakapiga picha wamesimama kando, wakaenda kuoga ndani kwa ndoo kama watu wenye heshima zao. Nani akae nusu uchi uani kwa mtu, Bariadi, shemeji zake wakipita na mbuzi?

Aliyelihitaji josho alikuwa mtu mmoja tu, naye hakuwa mgeni. Alikuwa mama yake Bosi, Bibi Ngolo.

Masanja alikuwa amemtoa nyumbani kwake Mwanhuzi, kule Meatu, baada ya magoti na nyonga kumkatalia kabisa. Mwanamke aliyelima na kukamua maisha yake yote sasa aliinuliwa na watu wawili kama gunia. Mganga wa hospitali alimweleza kwamba dawa za kumeza zitamsaidia kidogo, ila kila asubuhi aingie kwenye maji ya moto ya kufika kiunoni, ashike ukingo, asimame humo na kuinua mguu mmoja mmoja. Beseni la chumbani lilifika kwenye vifundo vya miguu. Josho lilifika kiunoni. Kwa hiyo bibi huyu, ambaye hakuwahi kuona hoteli ya Arusha, ndiye pekee mjini aliyejua matumizi ya kile chombo.

Hakupenda mjini. Kitanda kilikuwa kirefu mno, chai ilikuwa na maziwa ya mkebe, na watu hawakuamkiana sawasawa. Kila asubuhi nilipopita alinisubiri niseme mwangaluka kwanza, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na nikisema "habari za asubuhi" alijifanya haoni mtu. Alichotaka ni kurudi kwake kabla ya mavuno ya mtama. Mwanawe alimwambia hivi, nami nilikuwepo: "Mayu, siku utakayosimama bila kushikwa na mtu, nitakurudisha mwenyewe kwa gari." Alisema kama mtu anavyomwahidi mtoto mwezi. Bibi Ngolo aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeuza ndama na kukubali bei.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi: bila maji ya moto asubuhi hasimami, bila kusimama harudi kwake, na bila mfuniko maji ya moto hayafiki asubuhi. Kununua mfuniko ilikuwa kazi yangu.

Josho lilikuja na mfuniko wake wa kiwandani, kitu kinene cha sponji ngumu kilichovishwa plastiki, kinakunjika katikati. Ulikuwa mzuri, mwepesi, na ulidumu mchana mmoja. Upepo ulipata ukingo wake, ukaufungua kama mtu anayefungua kitabu, ukauinua juu ya minyaa na kuupeleka. Niliufuata kwa kuuliza watu, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa furaha. Niliukuta kwa fundi baiskeli mmoja nyuma ya soko. Mkewe alikuwa amejifungua siku hiyohiyo, na alikuwa amelala juu yake na mtoto. Yule fundi alinieleza kwa upole kwamba ameomba godoro tangu siku ya ndoa, na sasa limeshuka lenyewe saa mtoto analia kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, mimi kama mzazi nadhani lilitoka wapi? Nilitazama mtoto. Nikaacha pesa kidogo ya sabuni kama ilivyo desturi, nikarudi kumwambia Bosi kwamba mfuniko umepotea mbugani.

Hapo ndipo Masanja, mtu asiyetaka kamati, alipoitisha kamati. Tulikuwa yeye, mimi, dereva, mpishi na mlinzi, na tulikaa kwenye viti vya plastiki kulizunguka josho tupu. Nawaambia ukweli, nilijisikia nimerudi nyumbani. Kilikuwepo hata kifungu cha mengineyo.

Kamati ilianza na mbao. Tulitengeneza mfuniko wa mninga, mduara kamili, kazi safi ya seremala. Upepo haukuweza kuutikisa. Wala hakuna mwingine aliyeweza. Asubuhi Bibi Ngolo alikaa kwenye kigoda chake kando ya maji ya moto, akisubiri mlinzi na dereva wapatikane, na dereva akipatikana mlinzi amekwenda kulala. Mara nyingi jua lilimkuta hapo.

Kamati ikakaa tena. Sijui nani alitamka ngozi kwanza, na haijalishi, maana kila mmoja alihisi ni wazo lake. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ngozi mbichi ukiitandaza ikiwa na maji, ukaifunga, ikikauka inajivuta yenyewe kuliko kamba yoyote. Ngoma zetu tunazikaza hivyo, vigoda tunavikaza hivyo. Ni nyepesi, inapatikana, na upepo hauna pa kushika. Mikono yote ilipanda, wangu ukiwemo. Mtu aliyekua kwenye zizi hapingi ngozi.

Zilinunuliwa mbili za maksai, zikakwanguliwa, zikalowekwa, zikaunganishwa kwa kamba za ngozi hiyohiyo na kufungwa kuzunguka ukingo, pembeni ikiachwa sehemu ya kufungulia. Jua lilizivuta mpaka zikatoa mlio. Bosi aliipiga ngozi kwa kiganja, na sauti ikafika sokoni. Watu wakaja kuuliza ni ngoma ya nani. Upepo ulikuja mchana ule, ukapita juu, ukaenda zake. Tulipeana mikono. Katika watu watano waliozaliwa kati ya ng'ombe, hakuna aliyekumbuka kwamba chini ya ngoma hii kutakuwa na maji ya moto.

Jioni tukachemsha kama kawaida. Asubuhi yake, kwa bahati ya Mungu, tulikuwa na mgeni aliyekuwa ameagiza kuoga nje, wa kwanza kabisa, bwana mmoja kutoka Dar aliyekuja kufundisha watu faida za ubinafsishaji. Bibi Ngolo alimtangulia. Nilipofika alikuwa kwenye kigoda chake, mbwa wa mtaa mzima wamekaa mbele yake kwa adabu. Ngozi ilikuwa imelegea, ikazama katikati, ikavimba. Mafuta yalielea juu ya maji kwa miduara midogo ya dhahabu. Harufu, lazima niseme, haikuwa mbaya. Bosi alitoka akiwa na kanzu ya kulalia, akasimama.

"Masanja," mama yake akamwambia, "ngozi yenu imeiva. Ugali uko wapi?"

Yule bwana wa ubinafsishaji alifika na taulo shingoni, akatazama, akarudi ndani na kuomba chai. Mpaka leo kuna watu Bariadi wanaoamini kwamba nyumba ile ilikuwa na sufuria ya bluu ya kupikia wageni mia. Mpishi alikasirika kwa muda mrefu, kwa sababu lile josho lilisifiwa kuliko jiko lake.

Tulicheka sote, kisha kicheko kikaisha. Harufu iliingia kwenye vitundu vyote vile visivyo na kazi, na wiki kadhaa tulisugua kwa majivu na sabuni ya magadi, tukamwaga, tukajaza. Muda wote huo Bibi Ngolo hakuingia majini. Magoti yaliyokuwa yameanza kumtii yakasahau. Aliacha kudai mwangaluka. Nikimsalimia vibaya aliitika tu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Asubuhi moja niliketi chini karibu na kigoda chake, nikamuuliza jambo ambalo kamati nzima haikuwahi kuuliza: yeye anataka mfuniko wa namna gani?

"Nataka ninaoweza kuufungua mwenyewe," alisema. "Kama kila siku naita mtu anifungulie, hapo nimesimama au nimesimamishwa?"

Sisi tulikuwa tukichagua mfuniko wa upepo. Hakuna aliyekuwa amechagua mfuniko wa Bibi Ngolo.

Nilikwenda Mwamanyili kumtafuta Luhende. Nilimkuta anashona mifuko ya shule na kuwaeleza wateja makosa ya mabegi yao ya zamani. Hakushangaa kuniona, alisema alijua tutakwama. Alitaja masharti mawili, kuku kila siku ya kazi, na hiyo kamati isikanyage uani. La pili nilimkubalia kwa moyo wote. La kwanza lilitugharimu mabanda mawili.

Alipofika hakupima josho. Alikaa uani kutwa nzima akirusha vumbi kwa vidole na kulitazama linakokwenda, huku akimsimulia Bibi Ngolo mambo makubwa aliyowahi kufanya, na bibi, ambaye hakuwa amesikia hata moja, aliyasikia yote. Kisha akachukua debe, akatia mchanga kidogo, akamwambia alinyanyue. Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka bibi aliposema basi. Huo, alitangaza, ndio uzito wa mfuniko. Bosi alikuwa akichungulia dirishani, kwa kuwa kamati ilizuiwa uani, na niliona hakufurahi, ila sikujua kwa nini.

Kwa mtakaohitaji, kazi yenyewe ilikwenda hivi. Turubai la juu lilikuwa la uwanja wa pamba, kuukuu lakini zima. Chini ni plastiki nzito, mvuke usipite. Katikati ni pamba, zile takataka safi zinazofagiliwa sakafuni kwenye viwanda, imetandazwa na kushonwa mistari kama shuka nene, kwa sababu pamba inashika joto na kwetu haina thamani ikiwa sakafuni. Hakushona mduara mmoja. Alishona vipande vitano virefu, kila kimoja kikimlalia mwenzake kwa kufuata upepo unakotoka, namna paa la nyasi linavyoezekwa, na kwenye pindo mifuko yake ya mchanga. Hakukaza kamba hata moja. Vipande vilikaa tu juu ya josho, vimeshiba.

Hapo awali aliweka mchanga mwingi mno, maana debe bibi alilinyanyua ameketi kwa mikono miwili, na kwenye josho mkono mmoja ulitakiwa kushika ukingo. Luhende alipunguza mchanga nusu, akieleza kwamba kosa si lake, mchanga wa Bariadi ni mzito kuliko wa Mwamanyili.

Upepo ulikuja. Turubai lilihema, likashuka. Asubuhi Bibi Ngolo aliinua pindo la kipande cha kwanza, akakikunja juu ya cha pili, akashuka ngazi kwa mkono kwenye ukingo. Vipande vilivyobaki vilikaa nyuma ya mgongo wake, vimemfunika mabega na kuzuia baridi. Maji yalikuwa ya moto. Alisimama humo akaninyooshea kidole. Nikasema mwangaluka.

Mvua zilikuja, mtama ukapandwa, na yeye aliingia majini kila siku. Mwanzo alitoka ameshikwa mikono yote miwili, baadaye mmoja, baadaye alishika fimbo tu na kumfokea mtu yeyote aliyemsogelea. Sisi wahudumu tulianza kumtazama kwa dirisha la jiko, kila mtu na kazi yake mkononi ili isionekane tunatazama.

Siku moja Bosi alikuja stoo. Hakuwa na kawaida ya kuja, aliita watu. Alishika shika sabuni, akauliza bei ya mashuka aliyokuwa akiijua. Kisha akafunga mlango.

"Mama Kabula," aliniambia, "huu mfuniko hauwezi kuwa mzito kidogo?"

Nilimwambia ukiwa mzito mama hataweza kuuinua.

"Najua," alisema. Alikaa juu ya katoni ya mishumaa, yule mtu mkubwa, na ile katoni ikabonyea. "Akisimama ataondoka. Nilikuwa utingo, nikipita Mwanhuzi naona moshi wa jiko lake na dereva hasimami. Miaka yote hiyo. Sasa kila asubuhi namsikia anagombana na wahudumu wangu. Unajua nyumba hii ilivyo bila yeye? Ni vyumba."

Nilimhurumia, na sijawahi kumhurumia mwajiri kabla wala baada. Nilitamani kumwambia tuongeze mchanga kiganja kimoja tu, nani atajua. Lakini nilikumbuka kile kigoda na yale maji yaliyopoa yakimsubiri mtu afungue. Nikamjibu kwa lugha ya ofisi, maana ndiyo pekee niliyoweza kuisema bila kulia: mzigo ukishapokelewa, Bosi, haubadilishwi. Alicheka kidogo, akainuka, akatoka bila kuchukua sabuni.

Mtama ulipoanza kubeba vichwa, Bibi Ngolo alitoka josho asubuhi moja, akajifunga khanga, akatembea uani hadi kwenye baraza ambako mwanawe alikuwa akinywa chai. Fimbo aliiacha imeegemea josho. Alisimama mbele yake mpaka aliposhusha kikombe.

"Nimesimama," alisema. "Gari liko wapi?"

Masanja alikuwa mtu wa neno lake, hata lilipomkaba. Alimpeleka mwenyewe. Mama alikataa kitanda kirefu, akakataa redio, akaomba kitu kimoja tu kutoka kwenye nyumba yote ile ya vyumba vya kujitegemea, na kitu hicho kilikuwa mfuniko. Waliukunja vipande vyote vitano nyuma ya gari. Josho likabaki wazi, likajaa majani na vumbi, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Wakati wa mavuno Bosi aliniita. Akaniambia niende Mwanhuzi nikachukue ule mfuniko, kwa kuwa ni mali ya biashara na kuna wageni wakubwa wanakuja. Hapakuwa na wageni wowote. Kitabu cha wageni nilikishika mimi. Alinipa gari na sukari na majani ya chai kwa ajili ya mama, akarudia mara mbili kwamba ni kuhusu mfuniko tu.

Nilifika mchana, upepo ukiwa juu. Vile vipande vitano, ambavyo mimi na Luhende tulivifikiria msimu mzima ili upepo usiviguse, alikuwa amevitandaza chini mahali palipo wazi kuliko pote, hapana mti wala ukuta, na juu yake pamekaa lundo la mtama uliopigwa. Bibi Ngolo alikuwa katikati akipepeta. Aliinua ungo juu ya kichwa kwa mikono miwili, akauinamisha, upepo ukachukua makapi ukayapeleka Meatu yote, na punje zikaanguka kwenye turubai. Ulipotulia kidogo aliutazama kwa hasira na kuusubiri. Nilimsalimia kwa usahihi. Akasema wabeja, yaani asante, kwa sukari, akaniuliza kama nimekuja kusaidia au kutazama.

Nilisaidia mpaka jua likapungua. Habari ya kuuchukua mfuniko sikuitaja, wala yeye hakuniuliza nimefuata nini.

Niliporudi, Bosi alikuwa barazani. Hakungoja nishuke garini.

"Mfuniko uko wapi?"

"Chini, Bosi. Ametandaza."

Alitazama josho.

"Na mama?"

"Amesimama," nikamwambia.